Ukimtafuta ndugu yako katika jela ya kaunti ndogo Marekani, piga simu

Jumapili iliyopita niliandikiwa na mama mmoja wa Tanga. "Mwanangu, hunijui lakini mimi ni kama mama yako. Kijana wangu yuko Texas, karibu na Amarillo. Leo siku ya sita simu yake haipatikani. Mwenzake anasema huenda amekamatwa. Nianzie wapi?"

Nilisoma ujumbe ule nikabaki nimeshika simu. Swali hilo niliwahi kujiuliza mwenyewe miaka mitatu iliyopita, jikoni kwangu Kansas City, usiku wa manane, chai imepoa mbele yangu. Mama nimemjibu faraghani. Hapa nawaandikia wengine wote ambao siku moja watalala macho kama nilivyolala mimi.

Mdogo wangu wa mwisho alitoka Denver Alhamisi jioni kuja kwangu. Ni mwendo wa saa tisa hivi kwa gari, barabara ni I-70 tu, inayoikata Kansas yote kutoka magharibi hadi mashariki. Ijumaa asubuhi hajafika. Mchana hajafika. Simu yake imezimwa.

Ijumaa hiyohiyo simu yangu iliita mara mbili kutoka namba nisiyoijua. Nilipopokea, sauti ya mashine ikaanza kunieleza mambo kwa Kiingereza, nikakata. Mara ya pili sikuipa hata nafasi ya kumaliza neno la kwanza, kwa jinsi matapeli walivyotuzoesha. Kumbe alikuwa yeye. Simu za mahabusu hapa huanza na mashine: inataja jela, unasikia mtu wako akitamka jina lake, kisha unaulizwa kama unaikubali simu. Simu yake ilikuwa imechukuliwa pamoja na vitu vyake vingine, na kichwani alikuwa na namba moja tu, ya kwangu. Mimi nikamkatia mara mbili. Hilo bado linaniuma, na sitalificha.

Basi nikaingia mtandaoni. Nilianza na mfumo wa jimbo la Kansas wa kutafutia wafungwa wake, unaoitwa KASPER. Hakuna. Nikaenda kwenye orodha ya magereza ya serikali kuu, yenye kumbukumbu tangu 1982. Hakuna. Nikamshukuru Mungu, nikasema angalau hajakamatwa.

Hapo ndipo wengi tunapotea. Marekani haina daftari moja la wafungwa. Magereza ya jimbo na ya serikali kuu ni ya watu waliokwisha kuhukumiwa vifungo virefu. Aliyekamatwa jana usiku yuko katika jela ya kaunti, yaani kama wilaya ndani ya jimbo, chini ya sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti hiyo, na kwetu tungeiita mahabusu. Kansas peke yake ina kaunti 105. Texas zinafika 254. Kila moja ina sherifu wake na daftari lake, na mji mmoja unaweza kuangukia kaunti mbili. Amarillo yenyewe iko nusu Potter, nusu Randall. Kwa hiyo usiulize yuko jimbo gani. Uliza alikuwa barabara ipi, karibu na mji upi, kisha utafute mji huo uko kaunti gani.

Kabla ya kulielewa hilo nililipa dola 30 kwa tovuti moja iliyoahidi "kumbukumbu zote za kukamatwa". Ilinipa anwani ya nyumba ambayo mdogo wangu alihama zamani. Usilipe. Orodha ya mahabusu kwa sherifu ni bure, na kama haiko mtandaoni, simu ndiyo njia.

Jumamosi nilikaa na ramani na kalamu, nikaandika kaunti zote ambazo I-70 inapita, zaidi ya 15. Za miji mikubwa zina orodha mtandaoni: jina, tarehe ya kuingizwa, makosa, kiasi cha dhamana. Ukienda magharibi mambo hubadilika. Kule kuna kaunti zenye watu wasiofika 2,000, na jela ni vyumba vichache nyuma ya ofisi ya sherifu. Nyingine zinaweka orodha kama karatasi iliyopigwa picha, nyingine haziweki kitu. Anayepokea simu mara nyingi ndiye huyohuyo anayepokea simu za dharura za kaunti nzima, kwa hiyo tumia namba ya kawaida ya ofisi, kamwe usipige 911, na kuwa mfupi. Angalia na saa: Sherman, Wallace, Greeley na Hamilton, zinazopakana na Colorado, ziko nyuma ya Kansas nyingine kwa saa moja.

Nilipiga zote. Kila mahali jibu moja: hatuna mtu wa jina hilo. Nikishukuru, nachora mstari.

Jumapili nilirudi mwanzo wa karatasi, nikabadili swali. Jina nikaliacha. Nikasema: "Naomba unisaidie, mimi ni dada yake. Kuna kijana wa Kiafrika aliyekamatwa kwenye I-70 usiku wa Alhamisi, peke yake, akitokea Denver?" Katika kaunti moja bwana aliyepokea akanyamaza kidogo. "Alikuwepo. Lakini kwetu kumejaa, tulimhamishia kaunti ya jirani."

Kaunti ya jirani! Orodha yao nilikuwa nimeifungua Jumamosi kwa macho yangu. Nikaifungua tena, nikaisoma jina moja baada ya jingine, na mdogo wangu alikuwa pale tangu Ijumaa alfajiri. Jina la ukoo limewekwa kuwa jina lake la kwanza, na jina letu linaloanza na Mw- limeandikwa M tupu. Nilikuwa nimetafuta kwa herufi sahihi mtu aliyeandikwa kwa herufi zisizo sahihi.

Nililia pale jikoni, kisha nikaosha uso nikapiga simu. Kosa lilikuwa faini ya mwendo kasi ya miaka miwili nyuma. Hakulipa wala hakufika mahakamani, hakimu akatoa hati ya kumkamata, nayo ikamngoja barabarani. Dhamana dola 500. Jumatatu saa nane mchana nilimtoa mwenyewe, bila wakili na bila dalali wa dhamana, na nasema hivyo kwa fahari kwa sababu wakubwa wawili wa jumuiya yetu waliniambia mwanamke hawezi kulishughulikia jambo lile peke yake.

Majina yetu, wenzangu, ndiyo yanayotupoteza. Mohamed anaandikwa kwa namna nyingi. Jina la baba linageuzwa la ukoo. Aliyepewa viza akiwa na jina moja tu huandikwa FNU mahali pa jina la kwanza, yaani halijulikani, na karani wa jela anaweza kulinakili hivyohivyo. Tarehe hapa huanza na mwezi, kwa hiyo 4/9 ya kwetu kwao ni Aprili. Ndugu zetu wengi waliokuja kama wakimbizi wamesajiliwa wote kuwa wamezaliwa Januari 1. Katika jela yenye watu 20 usitumie kisanduku cha kutafutia. Fungua orodha nzima uisome kwa jicho. Kama hakuna orodha, piga simu, tamka jina herufi kwa herufi, kisha uligeuze ulitamke tena.

Kuna pia VINELink, mfumo wa kufuatilia walioko jela ulioanzia Louisville, Kentucky, mwaka 1994, baada ya Mary Byron kuuawa na mtu aliyetoka jela bila yeye kuambiwa. Kaunti nyingi zimeunganishwa nao, na unaweza kujiandikisha ujulishwe mtu anapohamishwa au kuachiwa. Ujaribu, lakini simu ipige hata hivyo.

Kama uhamiaji wamehusika, wao wana mfumo wao mtandaoni. Unatafuta kwa namba ya A, ile ya tarakimu tisa ambayo uhamiaji humpa mgeni, au kwa jina kamili, na kwa vyovyote unataja nchi aliyozaliwa; jina lisipolingana kabisa hupati kitu. Hapa Wakongo wenzetu wanaumia sana, kwa sababu kijana aliyezaliwa kambini Nyarugusu, Kigoma, kazaliwa Tanzania ingawa ni Mkongo. Jaribu nchi zote mbili. Hata mahabusu wa uhamiaji wakati mwingine hulala katika jela hizihizi za kaunti, kwa vitanda vya kukodi.

Wala usiogope kuuliza. Sheria ya Kansas ya kumbukumbu za umma inaitaja orodha ya mahabusu wa jela kuwa si siri ya upelelezi. Texas nayo inataka taarifa za msingi za mtu aliyekamatwa zitolewe. Huombi fadhili, ingawa adabu inasaidia kuliko sheria saa nne usiku, afisa akiwa peke yake zamu. Uliza yuko hapo au kahamishwa, namba yake ya usajili, kosa, dhamana, na siku ya kufika mahakamani. Andika jina la aliyekujibu. Na kwa mujibu wa Mkataba wa Vienna wa 1963, raia wa kigeni akiomba, ubalozi wake ujulishwe; mwambie ndugu yako aombe.

Sasa niseme lililobaki moyoni. Rafiki wa mdogo wangu alikuwa anaongea naye kwa simu wakati taa za polisi zinawaka nyuma yake. Alijua tangu Alhamisi usiku. Nilimpigia Ijumaa, akaniambia hajui kitu. Baadaye alisema alikuwa anamsitiri. Kumsitiri nani, na nini? Siku tatu mama yetu hakula! Tunaficha jela kana kwamba ni ukoma, halafu picha ya mtu ikionekana kwenye orodha ya sherifu tunaitupa kwenye makundi ya WhatsApp. Yote mawili niliyaona wiki ileile. Ukijua ndugu wa mtu yuko ndani, mpigie dada yake. Ukiiona picha, usiisambaze. Yule hajahukumiwa. Na namba mbili za simu ziwekeni kichwani, leo hii, msiziachie mashine.

Mama wa Tanga amenitumia picha ya pasipoti ya kijana. Jina lake lina mahali pane pa kukosewa. Nimeandika kaunti tisa zinazozunguka pale, Potter na Randall zikiwa juu. Nitaanza kesho saa mbili asubuhi ya huku, saa kumi jioni ya Tanga. Nimemwomba asizime simu, na ikiita kutoka namba asiyoijua, aisikilize ile mashine mpaka mwisho.