Hati ilikuwa benki

"Mwanangu, hiki kiwanja hakina hata deni la sumni." Mzee aliyekuwa akituuzia kiwanja aliniambia hivyo mwaka 2019, tumesimama kwenye bikoni (jiwe la mpaka) ya kona huku Moshono, Arusha, mume wangu akipima kwa hatua. Ni rika la baba yangu, anaongea taratibu, na nilimwamini. Nilipoomba kuona hati halisi akasema iko kwa mwanawe Dar es Salaam, italetwa Krismasi. Akatupatia kopi. Mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri, tukalipa milioni 18.

Miezi mitano baadaye, tukiwa tumeshashusha lori mbili za mawe, nikakuta vijana wawili wanapiga picha kiwanja. Mmoja kashika karatasi yenye namba ya kiwanja chetu. "Mama, eneo hili limewekwa rehani benki, na mkopaji hajalipa." Miguu iliishiwa nguvu, nikakaa palepale juu ya mawe.

Ndugu wengi walitushauri tujenge harakaharaka, eti tukishapandisha ukuta hakuna wa kututoa. Nashukuru hatukuwasikiliza. Benki ambayo rehani yake ilisajiliwa kabla hujanunua haizuiwi na ukuta wako. Tena ukishajua umedanganywa kisha ukaendelea kama vile hakuna kitu, muuzaji atasema uliridhia. Kwa hiyo simamisha fundi siku hiyohiyo.

Wakili tuliyemwona mjini hakuanza na habari za mahakama. Aliuliza: alikuambia nini hasa, na imeandikwa wapi? Nikamwonyesha simu. Ujumbe wa mzee ulikuwepo: "Kiwanja kipo safi mwanangu, hati inakuja." Na kwenye mkataba palikuwa na mstari ambao mume wangu aliung'ang'ania siku ya kusaini: muuzaji anathibitisha kwamba kiwanja hakina deni wala mgogoro. Mstari huo mmoja ndio uliotuokoa. Usisaini mkataba wa mauziano usio nao.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, vifungu vya 17 hadi 19. Inatenganisha mtu aliyesema uongo huku anajua, na aliyesema jambo lisilo kweli akiamini ni kweli. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Ukikosewa na mtu aliyeamini anachosema, naye akaonyesha kwamba ungeweza kuujua ukweli kwa uangalifu wa kawaida tu, unaweza kupoteza haki ya kuuvunja mkataba. Nasi hatukuwa tumefanya upekuzi, yaani kukagua kumbukumbu za kiwanja, kwa Msajili wa Hati! Karatasi moja ingetuonyesha rehani ile. Kilichotubeba ni kwamba mzee alisaini mkopo ule mwenyewe, kwa mkono wake. Alijua.

Ukishadanganywa una njia mbili, na kuchagua ni juu yako. Unaweza kuuvunja mkataba, urudishe kiwanja naye arudishe fedha. Au unabaki na mkataba na kudai uwekwe pale ambapo ungekuwa kama maneno yake yangekuwa kweli, yaani alipe benki deni lote na kukukabidhi hati. Sisi tulitaka fedha zetu. Deni lilikuwa kubwa kuliko thamani ya kiwanja, na imani ilikuwa imekwisha.

Polisi tulikwenda pia, tukachukua RB (namba ya taarifa iliyofunguliwa polisi), maana kujipatia fedha kwa udanganyifu ni jinai. Lakini usikae kusubiri kesi ya jinai ikurudishie fedha. Barua ya madai ya wakili, siku 14, ndiyo iliyomfanya mzee aje nyumbani na wanawe kuzungumza. Asingekuja, ingebidi tufungue shauri. Ukidai ardhi yenyewe, unaanza kwa usuluhishi Baraza la Kata, ndipo uende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, na ya kurudisha ardhi miaka 12.

Benki hatukuishtaki, kwa sababu si yenyewe iliyotudanganya. Kwa dada yangu wa Majengo, Moshi, mambo ni tofauti. Mumewe aliweka rehani nyumba wanayoishi na watoto, akaiapia benki kwamba hana mke. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ardhi kinataka ridhaa ya mwenzi kwa nyumba ya familia, na kudanganya juu ya hilo ni kosa la jinai. Benki nayo inatakiwa ichukue hatua za kuridhisha kujua kama mkopaji ana mwenzi, ingawa itajitetea kwa kiapo kile. Mwanamke mwenzangu, kama unasoma hii na hati ya nyumba yenu ina jina la mume peke yake, nenda kwa Msajili wa Hati ukaweke zuio, yaani pingamizi kwenye kumbukumbu za nyumba, sasa, kabla hajakopa. Dada yangu alikwenda baada ya tangazo la mnada kubandikwa getini, na mpaka leo anahangaika na shauri.

Mzee alitulipa kwa awamu nne. Makubaliano tuliyaandika mbele ya wakili, wanawe wawili wakasaini kama wadhamini. Gharama za wakili na za mawe tulibeba wenyewe.