Samaki ndo wa mwisho kununuliwa

SWALI: Habari za kazi kaka. Mi nipo Tabata, ndo tumehamia kwetu mwaka huu na sebuleni nimeacha ukuta mmoja mtupu makusudi kwa ajili ya akwariamu, tena kubwa, futi sita urefu, mbili upana, mbili kwenda juu. Fundi vioo kashanipa bei. Kabati la TV la zamani lipo, pana tu, nataka ndo liwe meza yake. Samaki nataka mchanganyiko: goldfish, oska wawili watatu, wale wa rangi wa Kigoma, na shemeji yangu wa Mwanza kaniahidi kitoto cha sangara. Mume wangu ananicheka anasema nitaua wote. Nianzie wapi?
Mama Wawili, Tabata

JIBU: Dada yangu, mumeo asicheke sana maana mi mwenyewe niliwaua. Na wengi wanaonitafuta wameanza kama wewe, samaki wameshachaguliwa mpaka rangi ila hawajawaza tangi litakaa juu ya nini.

Twende na hesabu. Futi sita kwa mbili kwa mbili ni kama sentimita 180 kwa 60 kwa 60, hiyo ni lita 648, na lita moja ya maji ni kilo moja. Ongeza vioo vya milimita 12 ambavyo peke yake vinafika kama kilo 120, weka mchanga, mawe, meza yenyewe, tayari upo kwenye kilo 950 hivi. Yaani mifuko 19 ya saruji imepangwa juu ya lile kabati lako la TV. Hapana dada. Tafuta fundi wa kuchomelea akutengenezee fremu ya bomba za chuma za mraba, miguu ya kutosha mpaka katikati sio kwenye pembe tu, juu yake mbao nzito ya plaiwudi, halafu ile foamu nyeupe ngumu inayokuja na boksi la friji. Nyumba ya chini yenye sakafu ya zege hapo huna shida, ila msomaji uliyepanga ghorofani usithubutu saizi hii kabla hujaongea na mwenye nyumba na mtu anayejua jengo lilivyofungwa nondo.

Hiyo foamu usiidharau. Tangi langu la kwanza la lita 300 niliweka kioo juu ya mbao moja kwa moja, kumbe chini kulikuwa na punje moja ya kokoto, moja tu! Siku ya tatu usiku wa manane nikasikia kitu kimelia tak, kama mtu kavunja penseli, nikajua ni panya nikaendelea kulala. Asubuhi nakanyaga zulia linafanya chwa chwa. Kwahiyo pima maji iwekwe juu ya fremu urefu na upana, foamu ilale, ndo tangi lifuate.

Fundi vioo muulize anatumia silikoni gani. Ile ya bafuni ina dawa ya kuzuia ukungu na hiyo dawa inaua samaki, mwambie unataka ya akwariamu, na akishagandisha liache wiki nzima bila maji hata akikwambia kesho tu linafaa. Likikauka lijaze liwe nje barazani siku mbili tatu, likivuja livujie huko. Juu kuwe na vipande vya kioo vinavyoshika mbele na nyuma, maana maji yanasukuma.

Sasa samaki. Ulichoniandikia ni harusi ya koo nne zisizoelewana. Goldfish anataka maji ya baridi baridi, oska ni wa Amazoni huko Amerika ya Kusini, anafika sentimita 30 na chochote kinachoingia mdomoni ni chakula. Wale wa Kigoma, yaani wa Ziwa Tanganyika, wanataka maji magumu, yenye madini mengi, na pH (kipimo cha uchachu wa maji) ya 8.5 mpaka 9. Sangara ndo usimtaje kabisa, yule anaweza kufika karibu mita mbili, mwambie shemeji yako wa Mwanza akuletee wa kukaanga.

Ushauri wangu chagua ziwa moja ubaki nalo, na kwa tangi lako mi ningechukua Tanganyika bila kufikiria mara mbili. Hawa ni ndugu na sato na perege, ukoo mmoja, ila rangi sasa. Kuna Tropheus duboisi, watoto wake weusi wana nukta nyeupe kama wamenyunyiziwa chokaa, wakikua nukta zinafutika kichwa kinageuka bluu na mwilini unabaki mkanda mmoja mpana. Huyu anakula mwani, ule ukijani unaoota kwenye mawe, usimpe nyama nyama tumbo litavimba afe. Na kuna vidogo vinavyoishi ndani ya magamba matupu ya konokono, kasamaki ka vidole viwili kanalinda gamba lake mpaka kanauma mkono wako ukiingia kusafisha, mi hao naweza kuwaangalia saa nzima chai ipoe. Mawe yapange juu ya kioo kwanza halafu ndo umwage mchanga, ukiyaweka juu ya mchanga watachimba chini yake yaporomoke.

Na hapa ndo mumeo atakapotaka kucheka. Ukishajaza maji, usinunue samaki. Washa pampu na filta (iwe inazungusha lita 3,000 na kitu kwa saa), kila siku dondosha chakula kidogo kana kwamba samaki wapo, ukae hivyo wiki nne mpaka sita. Kile chakula kikioza kinatoa amonia, wanakuja bakteria wanaoigeuza naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine wanaigeuza naitreti ambayo samaki anaivumilia. Hao bakteria wanakaa kwenye sponji ya filta na hawaji kwa siku moja, mtu anayekuuzia tangi asubuhi na samaki 20 jioni anajua utarudi kununua wengine. Kwa maji ya pH kubwa kama haya ndo mbaya zaidi, amonia ileile inakuwa kali kuliko kwenye maji ya kawaida. Nunua vipimo vya majimaji, amonia na naitraiti zikisoma sifuri siku kadhaa mfululizo, basi leta samaki wachache. Mwenye akwariamu ya zamani na safi akikukamulia sponji yake chafu kwako, mambo yanakwenda haraka zaidi.

Maji ya bomba yana klorini, yalaze kwenye simtanki siku moja mbili ukiyapulizia hewa au tumia dawa ya kuondoa klorini. Kila wiki unabadilisha robo, kwa tangi lako ni ndoo nane za lita ishirini, kwahiyo nunua mpira mrefu, mgongo wako utakushukuru. Waya za umeme zining'inie chini ya soketi kwanza ndo zipande, maji yakitiririka yadondoke sakafuni. Umeme ukikatika muda mrefu usiwalishe, washa kapampu ka betri, na filta ya kufungwa (ile ya kopo linalokaa nje ya tangi) kama ilizima masaa mengi isuuze kabla hujaiwasha, maji ya mle ndani yameshaoza.

SWALI: Hapa Arusha mwezi wa saba maji yanakuwa ya baridi kweli, samaki wangu wanajikunyata chini. Tangi ni lita 200.

JIBU: Hita, hakuna njia nyingine. Chukua mbili za wati 100 badala ya moja ya 200, moja ikifa nyingine ipo, na ikigoma kuzima haitawachemsha. Weka nyuzi 25. Na ukichomoa maji zima hita kwanza, ikibaki nje inawaka inapasuka.

SWALI: Niko Mombasa, bahari ni hatua chache. Naweza kuchota maji ya bahari na kushika wale samaki wa matumbawe nikaweka nyumbani?

JIBU: Ndani ya hifadhi ya taifa ya bahari (marine park) hairuhusiwi kutoa chochote, hata gamba. Na tangi la maji chumvi ni kazi mara tatu, maji yakipungua kwa jua chumvi inabaki inazidi, unaongeza maji baridi (yasiyo na chumvi) kila siku, na ya ufukweni karibu na mji yana uchafu mwingi. Anza na maji baridi mwaka mmoja, wale wa matumbawe we wafuate kwa miwani ya kuzamia maji yakiwa yamekupwa, tena asubuhi kabla upepo haujaanza.