Akitimiza Saba Si Lazima Aende kwa Baba

"Shikamoo Shangazi. Mimi na mzazi mwenzangu tuliachana mwaka juzi, mahakama ikanipa mtoto. Sasa ana miaka sita na nusu. Baba yake yuko Dodoma, mimi Morogoro. Kila akipiga simu ananiambia, 'Akitimiza saba namchukua, sheria iko wazi.' Matumizi hajatuma tangu Machi. Amekuja mara mbili kumwona mtoto, nikamfungia geti. Dada zangu wanasema nimefanya vyema, lakini usiku silali." Mama Mmoja, Morogoro.

Marahaba, mwanangu. Tuanze na hiyo saba, maana ndiyo inayokunyima usingizi.

Wengi wameikariri vibaya. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mtoto aliye chini ya miaka saba huchukuliwa kuwa anafaa kukaa na mama, mpaka ushahidi uonyeshe vinginevyo. Haikusema siku ya kutimiza saba baba aje na gari kumbeba. Amri uliyopewa haiozi kwa sababu mtoto kaongeza mwaka. Akitaka ibadilishwe, arudi mahakamani aeleze kwa nini, na huko ataulizwa mtoto atasoma wapi, nani atamlea yeye akiwa kazini, na hayo matumizi ya tangu Machi yako wapi.

Haya, sasa hilo geti. Hapo sikuungi mkono, na dada zako wanisamehe. Toa nakala ya hukumu kabatini uisome yote, usiishie pale palipoandikwa umepewa mtoto. Kama imempa baba siku za kumwona, basi umevunja amri ya mahakama kwa mkono wako mwenyewe. Hata kama haikumpa, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa na haki ya kumtembelea mzazi asiyeishi naye na kukaa naye, ilimradi masomo yasivurugike. Haki hiyo ni ya mwanao. Wewe ulidhani unamnyima mwanamume.

Pesa zidai, tena kwa nguvu, ila zidai mlango mwingine. Kama hukumu ilitaja matunzo, rudi mahakama hiyohiyo uombe amri itekelezwe. Kama haikutaja, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako akuelekeze namna ya kufungua madai. Beba risiti za ada, za sare, hata za dawa.

Ukiwa hapo ustawi, omba baba naye aitwe muandikiane ratiba. Mimi ningeanza kidogo: Jumamosi mbili kwa mwezi, palepale Morogoro, mtoto arudi kabla ya giza. Treni ya SGR ipo, hana kisingizio cha umbali. Miezi ikipita bila vituko, ongezeni likizo za Dodoma. Tarehe ya kwenda na ya kurudi ziandikwe, wote mtie sahihi. Na asipomrudisha, chukua nakala ya hukumu na hiyo karatasi uende ustawi na dawati la jinsia na watoto polisi. Usipande basi peke yako kwenda kumpokonya.

Jambo moja dogo. Nina jirani ambaye mwanawe akitoka kwa baba, kabla hajavua viatu, begi lishakaguliwa kama mzigo wa bandarini. Umekula nini? Yule mwanamke alikuwepo? Baba kasema nini juu yangu? Mtoto ana miaka minane na amejifunza jibu moja la maswali yote: "Kawaida tu." Anaulizwa huku anajibu hivyo, anaulizwa kule anajibu hivyohivyo. Wako akirudi, mpe maji, muulize kama ana njaa.

Jumatatu nenda ustawi. Leo mtumie baba yake ujumbe, mfupi, bila ya Machi na bila ya saba: "Jumamosi saa nne njoo umwone mtoto." Geti liache wazi.