Mwanangu, kuhusu hizo milioni mbili

Mwanangu,

Meseji yako niliipata juzi nikiwa shambani nafyeka. Nikaisoma mara mbili, nikaifunga simu kwenye pindo la khanga, nikaendelea na kazi. Umeuliza mstari mmoja tu: ukinitumia milioni mbili sasa hivi, je, naweza kukununulia korosho za watu kabla ya msimu kwa bei ya chini, tuje tuziuze mnadani mwezi wa kumi? Mimi kwa mstari mmoja nimeshindwa. Nimeandika kwenye daftari, kijana wa jirani ataipiga picha akurushie.

Kuweza, naweza. Mwezi huu wa sita mikorosho inaanza kuchipua, ugonjwa wa ubwiriunga unanyemelea maua, na bila dawa ya salfa hakuna korosho. Mahindi watu wanayo kidogo, hela hawana. Ukitembea na laki moja mkononi kutoka hapa mpaka bombani, hufiki nayo. Unanijua neno langu: shida haina mizani. Mwenye shida haulizi kilo ngapi, anauliza utanipa leo au kesho.

Ila nami nikuulize. Lile bakuli la bati lenye ua jekundu, wanalonywea maji kuku, uliwahi kujiuliza limetoka wapi?

Limetoka mwaka 2018. Ulikuwa umechaguliwa kidato cha tano, na karatasi ya shule ilikuja na orodha yake: godoro, ndoo, sare jozi mbili, mashuka, hela ya hiki na ya kile. Marehemu baba'ako alikuwa na miezi mitano kaburini. Kwa mila zetu nilikwenda kwanza kwa mjomba'ako, naye akaniambia tungoje korosho. Shule ingengoja korosho? Maua yenyewe yalikuwa bado hayajafunga. Basi nikaenda kwa yule jirani yetu wa chini ya mwembe, unamjua. Akanihesabia noti ishirini za elfu kumi pale pale kwenye benchi, wala hakuandika popote. Laki mbili kwa bakuli mia mbili. Kangomba, huko kununua korosho mapema kwa bakuli badala ya mizani, ilikuwa imepigwa marufuku, yeye anajua, mimi najua, na mwenyekiti wa kijiji anajua. Nilirudi nyumbani nikiimba, usinicheke. Kesho yake tukaenda kununua lile godoro la bluu.

Oktoba akaja na bakuli lake. Kitako kilikuwa kimegongwa kwa ndani mpaka kimetoka nje kama tumbo la chura. Anachota, anaweka kilele, zikimwagika anazikusanya na kuzitia kwenye gunia lake, hazihesabiwi. Alasiri mbili nilikaa pale na vijiti, kila bakuli kijiti kimoja. Vidole vimeganda utomvu wa mabibo, sisemi kitu. Alipomaliza akaliacha bakuli uani, akasema atalifuata. Nami kwa uchungu nikajaza bakuli moja la korosho zangu zilizobaki, nikalipeleka kwenye mizani ya chama cha ushirika. Kilo moja na nusu.

Basi zidisha mwenyewe. Kilo mia tatu.

Mwaka ule wanunuzi walileta bei ya chini, wakulima wakagoma kuuza, na mwezi wa kumi na moja Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itazinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kilo, na jeshi litazibeba. Nilikuwa nasikiliza redio jikoni. Nikachukua mkaa nikaandika ukutani: 990,000. Ulipokuja likizo uliniuliza namba ile ni ya nini, nikakwambia hesabu za vikoba. Nilikudanganya, mwanangu. Zilikuwa korosho zako za godoro.

Sasa sikiliza. Serikali ikasema wa kangomba halipwi, wakaja wahakiki: shamba lako liko wapi, mikorosho mingapi. Yule jirani hana shamba, ana bakuli. Usiku mmoja akanijia, kavua viatu mlangoni kama mtu anayeingia msikitini. “Dada,” akasema, “nina magunia sita, yapite kwa jina lako, gunia moja uchukue wewe.” Mikorosho yangu ni sitini, magunia sita yangepita bila mtu kuinua kichwa. Nami nikamjibu, nalikumbuka kila neno: “Korosho zangu mimi nimeshazipeleka, kaka.”

Hakugombana. Alivaa viatu akaondoka, na bakuli hajalifuata hadi leo. Usiku ule nililala kama mtoto usiku wa Idi.

Januari nikamwona mkewe anasimamia vijana wanaotoa bati za nyumba. Kumbe na mumewe hela zile hazikuwa zake. Alikopa kwa mtu wa mjini, na huyo wa mjini ana bakuli kubwa kuliko lile. Binti yao, uliyekaa naye dawati moja mpaka kidato cha nne (yule uliyekuwa unamwandikia vijibarua ukidhani sioni), alikuwa ameanza chuo cha ualimu. Hakurudi. Ndiye anayekaanga chapati pale stendi.

Hapo ndipo ninapogombana na nafsi yangu. Naiambia: hukusema uongo, na sheria ilikuwa upande wako. Inanijibu: wewe na sheria mmejuana lini? Ulichukua hela ya kangomba mwezi wa saba bila kuuliza sheria. Ulikataa kwa sababu ya namba ya ukutani. Na bila laki mbili zake, huyu mtoto angekuwa na milioni mbili za kunitumia? Sawa, lakini na kilele je? Na kitako kile alichokigonga kwa nyundo akiwa na akili zake timamu? Huyo alinisaidia au aliniibia? Mimi nadhani alifanya yote mawili kwa mkono mmoja, na huo ndio mkono unaotaka kuuazima.

Haya, sisemi zaidi.

Ila hili ulijue. Malipo yangu yalichelewa sana mwaka ule, ikafika siku sina unga. Nilizunguka kijiji kizima, mwisho nikabisha kwa mke wa yule bwana, nyumba ina turubai juu badala ya bati. Nikaomba mahindi kopo tano za kukopa. Alipima kimya kimya, na kila kopo akaliwekea kilele. Shida haina mizani, nasema kila siku, lakini yule mama alikuwa na shida kunizidi na bado alipima vile.

Ukituma hizo hela, wa kwanza kuja mlangoni kwangu ni yeye. Mikorosho ya urithi wa mama yake anayo ishirini na tano, salfa hana, na mtu wa kumpulizia anataka alipwe kwanza. Atakubali bei yoyote nitakayotaja. Kwa hiyo ukituma, niandikie na hili: nimpimie kwa nini? Bakuli lipo, itabidi niwatafutie kuku chombo kingine. Mizani sina, na niliyoiona mjini si bei ya mchezo.

Viatu vya mvua ulivyotuma vimefika, cha kushoto kinabana. Kijana wa kupuliza anakuja Jumatatu alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani, kwa hiyo hela ya mafuta ya mota itume kabla ya Jumapili. Hiyo haina mjadala.

Mama'ako.