Kuvunja nyumba ya urithi Kirumba bila kuwatawanya wapangaji

Mkuu, umeuliza kama unaweza kuvunja nyumba aliyokuachia marehemu mzee hapo Kirumba, Mwanza, upandishe ghorofa, na wapangaji wake wa siku zote wabaki, huku madalali wakikushawishi uwatoe uweke wa ofisini. Inawezekana. Mimi nilijenga Kitangiri, na kosa langu lilikuwa kuchora ramani kabla ya kukaa na wapangaji wangu.

Nilidhani tatizo lao ni kodi tu. Vyumba vinne vya chini nikaviacha kwa bei waliyoizoea, vya juu vikaenda kwa bei ya soko kufidia. Hesabu ilikaa. Ila ramani ilikuwa imefuta uwani. Mama mmoja anayeuza dagaa soko la Mwaloni akawa anawasha jiko la mkaa chini ya ngazi. Wiki ya pili ukuta ulishakuwa mweusi mpaka usawa wa bega, wa juu wanalalamikia moshi, naye akawa anapita ameinamisha kichwa. Mwezi wa tatu akahama. Alikuwa pale tangu sijaoa. Inaniuma hadi leo.

Ndipo nikabomoa stoo mbili za nyuma, nikaweka jiko la pamoja lenye paa, lililo wazi upande mmoja, karo la kufulia na nafasi ya kuanika.

Kila chumba kiwe na luku yake, yaani mita yake ya umeme. Mita moja ya pamoja inaleta ugomvi kuliko kodi. Wa chini walipe mwezi kwa mwezi. Ukidai miezi sita kwa mkupuo, umeshawafukuza hata kama bei ni ndogo.

Majitaka yaulizie mapema. Milimani kama Igogo na Mabatini kuna mabomba membamba yanayopita vichochoroni, nyumba kadhaa zinatumia laini moja. Kama yamefika kwako, usichimbe shimo.

Magomeni Kota kule Dar, maghorofa yaliyozinduliwa 2022, kaya 644 zilizokuwa zikiishi kwenye kota za zamani zilitengewa nafasi. Lakini lile ni jengo la Serikali. Sisi tunaojenga kwa pesa ya mfukoni tunajenga kwa awamu: nusu ya kiwanja kwanza, wahamie humo, ndipo uvunje iliyobaki. Mpangaji ukimwambia "nenda, utarudi", harudi. Mtoto ameshahamishwa shule, biashara imeshapata kona nyingine.

Wapangaji wako ni kaya ngapi, na kiwanja kina mawe makubwa? Nijibu hayo kabla hujamlipa mchora ramani.