Siku mbili Aisilandi, niione rasi ipi?

SWALI: Shikamoo mzee. Juni naenda Aisilandi kikazi, nitapata siku mbili za kutembea. Niione rasi ipi?
Msomaji, Uyole, Mbeya

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anza na Dyrhólaey, kusini karibu na Vík: mwamba wa volkano wa mita 120 hivi, bahari imeutoboa lango. Juni ndege wanaatamia, huenda ukakuta njia imefungwa. Usibishane na kamba. Ufukwe jirani wa Reynisfjara usiyape mawimbi mgongo, yameshaua watalii. Kesho yake rasi ya Snæfellsnes, magharibi, utembee ukingoni mwa bahari kutoka kijiji cha Arnarstapi hadi cha Hellnar. Mlima wa huko wenye barafu kileleni una mita 1,446 tu (Rungwe wetu unauzidi maradufu!), ila upepo… beba koti unalovaa Kitulo.