Re: Filta ya oili imegoma kufunguka

Mkuu, pole. Umesema oili bado hujaimwaga, filta inateleza mkononi, na jirani anakushauri uitoboe kwa bisibisi. Usitoboe kwanza. Bati la filta ni jepesi, likichanika unabaki na kipande kimeng'ang'ania injini na gari haliendi popote.

Kwa baridi ya Uyole, Mbeya, asubuhi, washa injini dakika 3 hadi 5 ipate uvuguvugu, kisha zima. Isichemke, utaungua. (Ungekuwa umeshamwaga oili, nisingekwambia uwashe kabisa.) Futa filta kwa kitambaa kikavu hadi isiteleze. Zungushia msasa, upande wa makali uelekee filta, shika kwa nguvu na uzungushe kinyume cha saa ukiitazama kutoka kwenye kitako chake, upande uliozibwa ulio mbali na injini. Wengi wanaolala chini ya gari wanachanganya hapo na kuzidi kuikaza.

Ikigoma, tafuta spana ya mnyororo au ya mkanda, maduka ya spea Mwanjelwa hayawezi kukosa. Ifunge karibu na injini, pale bati lilipo gumu, siyo katikati.

Ikitoka, papasa pale ilipokaa kwa kidole. Mpira wa zamani hubaki umenata, na ukifunga mpya juu yake oili itamwagika yote ukiwa njiani, injini ife. Mpira mpya upake oili safi, kaza kwa mkono tu: ukigusa, ongeza robo tatu ya mzunguko, au fuata maelekezo ya kwenye boksi.